Jicho, programu au picha ghafi: ukague vipi picha za makala ya saratani?

Chukua kielelezo cha kawaida katika makala ya saratani: vidoa vyeusi sita vimejipanga mstari mmoja juu ya usuli wa kijivu. Hiyo ni westani bloti, njia ya kuonyesha kama protini fulani imo ndani ya seli na kwa kiasi gani. Kila kidoa, ambacho watu wa maabara hukiita bendi, ni protini iliyonaswa na kingamwili. Chini ya kielelezo huwapo safu ya aktini, protini ambayo karibu kila seli inayo kwa wingi. Imewekwa pale kuthibitisha kwamba sampuli zote zilipakiwa kwenye jeli kwa kiasi sawa. Wasomaji wengi huiruka safu hiyo. Mimi huanzia hapo.

Itazame bendi ya tatu kutoka kushoto. Ncha yake ya kushoto imepinda juu kidogo, na juu ya ncha hiyo kuna kitone, labda chembe ya vumbi iliyotua kwenye utando, ile karatasi nyembamba ambayo protini huhamishiwa kutoka kwenye jeli. Sasa nenda kielelezo cha 5. Seli ni nyingine, dawa ni nyingine, jaribio ni jingine. Safu ya aktini ipo. Bendi ya tatu kutoka kulia imepinda ncha yake ya kulia, na kitone kiko juu yake vilevile. Zihesabu zote sita, linganisha unene, nafasi kati yao, ukungu wa usuli. Ni safu ileile, imegeuzwa kama sura inavyogeuka kwenye kioo. Bendi za protini zinaweza kufanana kwa bahati, lakini chembe ya vumbi haitui mara mbili palepale kwenye tando mbili tofauti.

Ukishaona hivyo mara moja, husomi tena kama zamani. Kinachobaki ni kujua ukague vipi, na ukishaona, upeleke wapi. Njia za kukagua ninazozijua ni tatu: jicho, programu, na kudai picha ghafi, yaani picha nzima kama zilivyotoka kwenye mashine. Milango ya kupeleka shaka nayo ni mitatu. Hazilingani kwa gharama, kwa kasi wala kwa uzito wa jibu. Nazilinganisha nikimfikiria mtu mwenye uamuzi mbele yake: mwanafunzi anayetaka kujenga tasnifu yake juu ya makala fulani, mhakiki aliyepewa mswada, mwandishi wa habari za afya, au daktari aliyeletewa na mgonjwa makala ya "tiba mpya" akaulizwa kama ni ya kweli.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kwa makala moja, jicho linatosha kuanzia. Kwa makala nyingi, jicho peke yake halifai. Na kama kuna fedha, miaka ya mtu au mgonjwa anayeitegemea makala hiyo, basi dai picha ghafi hata kama jicho na programu havikuona kitu.

Kwanza angalia kama kuna aliyekutangulia

Hii ni kazi ya dakika mbili na watu wengi hawaifanyi. PubPeer, tovuti iliyoanzishwa 2012, hukusanya maoni ya wasomaji juu ya makala zilizokwisha kuchapishwa. Ina kiongezo cha kivinjari ambacho hukuonyesha palepale kwenye ukurasa wa makala kwamba kuna maoni. Retraction Watch, iliyoanzishwa 2010 na Ivan Oransky na Adam Marcus, ina hifadhidata ya makala zilizobatilishwa, na tangu 2023 hifadhidata hiyo imo mikononi mwa Crossref, shirika linalosajili makala za kisayansi, wazi kwa kila mtu. Ukitumia Zotero kutunza marejeo yako, programu hiyo itakuwekea alama nyekundu makala yako ikiwa imebatilishwa.

Lakini ukimya usikudanganye. Makala isiyo na maoni yoyote inaweza kuwa safi, na inaweza pia kuwa haijawahi kutazamwa na mtu.

Jicho

Jicho ni la bure, na ndilo lililoifanya dunia ya sayansi ishtuke. Elisabeth Bik, mtaalamu wa vijidudu mzaliwa wa Uholanzi aliyehamia Marekani, alikagua kwa macho yake makala 20,621 kutoka majarida 40, zilizochapishwa kati ya 1995 na 2014. Alichokiona kilithibitishwa na wenzake wawili, Arturo Casadevall na Ferric Fang, na matokeo yakachapishwa 2016 katika jarida la mBio. Makala 782, yaani asilimia 3.8, zilikuwa na picha zilizorudiwa isivyostahili. Angalau nusu yake zilikuwa na dalili za kuchezewa makusudi. Mwaka 2019 Bik aliacha ajira akaifanya kazi hii kwa muda wake wote.

Kitu cha thamani kuliko takwimu hizo, kwa msomaji wa kawaida, ni makundi matatu waliyoyatumia. Yashike, kwa sababu yatakusaidia kupima uzito wa kile ulichokiona.

La kwanza ni picha kurudiwa tu. Picha ileile imetokea mara mbili kama ilivyo, kwa majina mawili. Hapa mara nyingi ni uzembe. Maabara ina mafaili mia tatu yenye majina yanayofanana, mtu anatengeneza kielelezo saa nane za usiku, anabandika faili lisilo lake. Ni kosa na linapaswa kusahihishwa, lakini mimi simhukumu mtu kwa hilo.

La pili ni kurudiwa na kusogezwa. Picha imegeuzwa, imezungushwa, au imekatwa upande ili sehemu mbili zionekane kama picha mbili. Hutokea sana katika picha za hadubini za seli za saratani zinazopenya utando: kona ya kulia ya picha ya "bila dawa" ni kona ya kushoto ya picha ya "pamoja na dawa", seli kwa seli. Maana yake ni kwamba sahani ni moja na mpigapicha amesogeza hadubini kidogo tu. Bahati mbaya bado inawezekana, ila inahitaji maelezo marefu zaidi.

La tatu ni kurudiwa na kubadilishwa. Bendi imenyooshwa, imepunguzwa, imenakiliwa ndani ya picha ileile, au kundi la seli limepandikizwa mahali ambapo hapakuwa na seli. Hili halitokei kwa kubonyeza vibaya.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, kuza picha mpaka pikseli zianze kuonekana, kisha sahau bendi na utazame usuli. Mdanganyifu huhangaika na bendi na kuusahau usuli. Anza na picha za ulinganishi, zile za aktini au za protini nyingine zenye kazi hiyohiyo kama GAPDH na tubulini, kwa kuwa ndizo watu huziazima. Halafu nenda kwenye majaribio ya mkwaruzo, ambapo seli hukwaruzwa kwenye sahani ili kuona zitaziba pengo kwa kasi gani. Picha za saa 0 hufanana kwa asili, na ndiyo maana hurudiwa bila mtu kugundua. Kingo za mkwaruzo ndizo za kufuata: zina meno na mabonde kama ufuo wa bahari, na hakuna mikwaruzo miwili yenye ufuo mmoja.

Nguvu kubwa ya jicho ni kwamba linasoma. Picha mbili zikifanana, jicho linashuka kwenye maelezo ya kielelezo na kukuta imeandikwa kwamba kundi la ulinganishi ni lilelile kwa sababu majaribio yalifanywa siku moja. Basi, hakuna kesi. Jicho pia linaona mtindo. Mwaka 2020 Bik na wenzake wachache, baadhi yao wakitumia majina ya bandia, waligundua makala zaidi ya 400 zilizoonekana kutoka kiwanda kimoja cha kutunga makala, yaani biashara ya kutunga makala za uongo na kuziuza. Bloti zake zilikuwa na bendi zilizopangwa kwa nafasi sawasawa mno, laini mno, zikiwa na umbo la viluwiluwi. Waandishi walikuwa tofauti na hospitali zilikuwa tofauti, lakini mkono ulikuwa mmoja. Suala halikuwa picha moja kurudiwa mara mbili. Lilikuwa la kufanana kwa namna, na mtu ndiye aliyelihisi kwanza.

Udhaifu wake unajulikana. Jicho linachoka. Baada ya dakika arobaini mimi huanza ama kuona marudio kila mahali au kutoyaona kabisa, na yote mawili ni hatari. Tena jicho halina kumbukumbu ya kutosha. Picha ikiwa imechukuliwa kutoka makala ya kundi jingine, ya miaka sita iliyopita, utaijuaje?

Programu

Hapo ndipo programu inapolishinda jicho. Zinazotumika zaidi ni Proofig na Imagetwin. Unapakia makala, inazitoa picha zote, inazilinganisha zenyewe kwa zenyewe na pia na hazina kubwa ya picha zilizokwisha kuchapishwa, kisha inakuchorea mistari kati ya sehemu zinazofanana, hata zikiwa zimegeuzwa au kuzungushwa.

Tuna kipimo kizuri cha kulinganisha jicho na programu, kwa sababu mtu mmoja alizipitisha njia zote mbili kwenye makala zilezile. Sholto David, mwanabiolojia kutoka Uingereza, alikagua kwa macho makala 715 za jarida la Toxicology Reports, kazi iliyomchukua miezi, akapata 63 zenye marudio. Kisha akazipitisha makala hizo kwenye Imagetwin. Programu ilifanya kazi kwa kasi mara mbili hadi tatu ya ile yake, ikazipata karibu zote kati ya zile 63, na ikaongeza 41 ambazo yeye hakuziona. Matokeo hayo yalitoka 2023. Huyu si mtu wa kubahatisha. Ni mmoja wa wakaguzi wakali kuliko wote duniani, na bado 41 zilimpita.

Kwa hiyo kama una rundo, usijivunie jicho lako. Tumia programu.

Majarida ya saratani yenyewe yamekwisha kuona faida hiyo. Chama cha Marekani cha Utafiti wa Saratani, AACR, kilianza kutumia Proofig mapema 2021. Kati ya Januari 2021 na Mei 2022 kilipitisha miswada 1,367 iliyokuwa imekubaliwa kwa masharti. Miswada 208 ililazimu waandishi waulizwe. Mingi ilikuwa makosa ya kawaida, waandishi wakaleta picha sahihi. Minne tu iliondolewa. Majarida ya Science nayo yalitangaza kuitumia Proofig kuanzia Januari 2024.

Takwimu hizo za AACR nazirudia kila ninapopata nafasi, kwa sababu zinatuliza pande zote mbili. Kwa anayedhani kila picha iliyorudiwa ni wizi: si kweli, nyingi ni uzembe unaosahihishika. Kwa anayedhani tatizo ni dogo: zaidi ya mswada mmoja katika kila saba ulihitaji maswali, na hii ni baada ya wahakiki kuusoma na kuupitisha.

Lakini programu haijui maana. Itakuwekea alama kwenye mizani ya vipimo iliyo pembeni mwa kila picha, kwenye chati mbili zenye mhimili mmoja, kwenye bendi mbili hafifu zisizo na alama yoyote ya pekee. Itaitilia shaka picha ya ulinganishi iliyotumiwa mara mbili kwa haki na kwa maelezo. Matokeo yake ni orodha ya mahali pa kutazama, na bila mtu wa kutazama hayana maana. Nimeona watu wakichukua picha ya skrini ya programu, yenye mistari yake ya rangi, wakaisambaza kama hukumu. Ni dhuluma, na kazi ya wakaguzi makini huchafuliwa na mambo hayo.

Kuna upofu mwingine unaokuja kwa kasi. Programu hizi zilijengwa kutafuta pacha. Picha iliyotungwa na akili mnemba haina pacha, ni mpya kila mara. Bloti ya uongo iliyotungwa vizuri itapita katikati ya programu na ya jicho bila kuguswa. Watengenezaji wanaongeza vitambuzi vya picha za namna hiyo, lakini ni mbio kati yao na watungaji, na mimi singeweka uamuzi mzito juu ya mbio hizo.

Gharama nayo ihesabiwe. Programu hizi ni za kulipia, na mtu binafsi mara nyingi hazimudu, ila maktaba ya chuo au ofisi ya utafiti huenda ina usajili tayari, kwa hiyo uliza kwanza. Zipo za bure: Forensically hutafuta sehemu zilizonakiliwa ndani ya picha moja, na ImageJ, iliyotoka Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, hukuruhusu kukoleza picha mpaka mipaka iliyofichwa ijitokeze. Hazikulinganishii makala na makala, lakini kwa kielelezo kimoja zinakupa msaada wa kweli.

Na kwa mhakiki, neno moja la tahadhari: mswada uliopewa ni siri. Usiupakie kwenye programu ya nje bila idhini ya jarida. Mwombe mhariri aupitishe yeye.

Picha ghafi

Jicho na programu vinajibu swali moja: je, vitu hivi viwili vinafanana? Picha ghafi ndiyo inayojibu swali lililokuleta: je, jaribio lilifanyika?

Picha ghafi ya bloti ni utando mzima kama ulivyotoka kwenye mashine, haujakatwa, una ngazi ya uzito wa protini pembeni, una uchafu wake, una bendi ambazo mwandishi hakuzitaka. Katika makala ulionyeshwa kijisehemu chembamba kama kidole. Hapa unaona mkono wote. Ukiwa nayo, maswali yaliyokusumbua huisha kwa dakika chache: bendi hii iko kwenye kimo sahihi? Bendi hizi sita zilikuwa kwenye jeli moja au zimeunganishwa kutoka jeli mbili? Faili limeandikwa tarehe gani?

PLOS ONE ililifanya hili kuwa sharti tangu Julai 2019: anayewasilisha bloti au jeli lazima alete picha zake nzima. Ukisoma makala ya jarida lenye sharti hilo, nenda moja kwa moja kwenye faili la nyongeza. Utashangaa jinsi wasomaji wachache wanavyofika huko. Mimi nikiwa na makala mbili zinazodai jambo lilelile, moja ina bloti nzima na nyingine haina, naijenga kazi yangu juu ya ile yenye bloti nzima hata kama jarida lake ni dogo.

Tatizo ni kuzipata pale ambapo hazikuwekwa. Mradi wa Reproducibility Project: Cancer Biology, uliotaka kurudia majaribio kutoka makala 53 maarufu za saratani, uliwaandikia waandishi kuomba maelezo na vifaa. Kwa asilimia 41 ya majaribio, waandishi walisaidia sana. Kwa asilimia 32 hawakusaidia kabisa au hawakujibu. Na hao walikuwa wanaandikiwa na mradi mkubwa wenye jina. Uchunguzi mwingine, wa 2022, uliwaandikia waandishi wa makala 1,792 waliokuwa wameahidi kwa maandishi kwamba data yao itatolewa kwa atakayeiomba. Asilimia 93 hawakujibu au walikataa.

Mhariri ana mkono mrefu kuliko wako. Tsuyoshi Miyakawa, wakati huo mhariri mkuu wa Molecular Brain, jarida la utafiti wa ubongo, alieleza 2020 kwamba katika miswada 180 aliyoishughulikia, 41 aliirudisha akiomba data ghafi kabla ya kuipeleka kwa wahakiki. Waandishi 21 waliiondoa miswada yao. Katika 20 iliyobaki, 19 ilikataliwa kwa kuwa data iliyoletwa haikutosha. Hiyo si fani ya saratani, na ni jarida moja, lakini inaonyesha kitu ambacho msomaji hawezi kukipata baada ya kuchapishwa: ombi lenye nguvu ya kuzuia. Mhakiki, kama una haki ya kuomba kitu kimoja tu, omba hicho.

Umeona kitu: upeleke wapi?

Mlango wa kwanza ni PubPeer. Unaweza kuandika bila jina lako kuonekana, mwandishi wa makala hujulishwa na hupewa nafasi ya kujibu, na kila anayekuja baada yako huona. Kwa mwanafunzi anayeogopa kulipiziwa, au mtafiti chipukizi ambaye msimamizi wake ni rafiki wa mwandishi, huu ndio mlango salama zaidi. Udhaifu wake ni kwamba hauna mamlaka. PubPeer haiwezi kubatilisha chochote.

Mlango wa pili ni mhariri wa jarida. Yeye ana mamlaka ya kusahihisha, kutoa tamko la mashaka, au kubatilisha, na majarida mengi hufuata miongozo ya COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanza 1997. Hasara yake ni mwendo. Mfano mmoja unaeleza kwa nini. Bik na wahariri wa Molecular and Cellular Biology walikagua makala 960 za jarida hilo, wakapata 59 zenye marudio. Kuifuatilia kila moja baada ya kuchapishwa kulikula takribani saa sita za wafanyakazi, wakati kuikamata kabla ya kuchapishwa kulichukua kama nusu saa. Katika 59 hizo, 41 zilisahihishwa, 5 zilibatilishwa, na 13 hazikuchukuliwa hatua. Mhariri asiye na watu wa kutosha ataiweka barua yako chini ya rundo, na si lazima awe na nia mbaya.

Mlango wa tatu ni taasisi ya mwandishi, na kwa utafiti uliolipiwa na fedha za afya za serikali ya Marekani kuna pia Ofisi ya Uadilifu wa Utafiti, ORI. Taasisi pekee ndiyo inayoweza kuchukua kompyuta na madaftari ya maabara. Pia ndiyo yenye jina lake la kulinda, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Mimi hupitia mlango wa kwanza na wa pili kwa pamoja: maoni PubPeer, halafu barua fupi kwa mhariri ikiyataja. Hadhara huufanya mlango wa pili ufunguke. Januari 2024 Sholto David aliweka wazi kasoro za picha katika makala za watafiti wa Taasisi ya Saratani ya Dana-Farber huko Boston. Ndani ya mwezi huohuo taasisi ilisema inaomba makala 6 zibatilishwe na 31 zisahihishwe. Ilisisitiza pia kwamba picha yenye kasoro peke yake haithibitishi nia ya kudanganya, na hapo ilikuwa sahihi.

Namna ya kuandika ina uzito kuliko mlango. Eleza unachokiona, acha unachokidhani. "Safu ya aktini katika kielelezo cha 2B inafanana na safu ya aktini katika kielelezo cha 5D baada ya kugeuzwa kwa mlalo. Je, waandishi wanaweza kutoa bloti nzima?" Inatosha. Weka picha mbili kando kwa kando, zungushia vitone kwa duara, usitie rangi za kutisha. Usiandike "wamedanganya". Huenda aliyetengeneza kielelezo ni mwanafunzi aliyeondoka miaka mitano iliyopita, na waandishi wengine kumi hawana habari. Na kama ni udanganyifu kweli, swali tulivu lenye ushahidi ndilo gumu kulikwepa.

Sasa uchague

Daktari au mwandishi wa habari: angalia PubPeer na hali ya makala, tupa jicho kwenye picha za ulinganishi, na ukiona shaka usiinukuu mpaka upate jibu. Huhitaji programu. Mhakiki: jicho, kisha mwombe mhariri programu na picha ghafi. Mhariri: programu kwa kila mswada, na mtu wa kuisoma ripoti yake. Journal of Cell Biology walianza kukagua picha 2002, kwa macho tu, chini ya Mike Rossner, na robo ya miswada iliyokubaliwa ilibidi irekebishe angalau kielelezo kimoja. Jarida lisilokagua leo linachagua kutokujua. Mkuu wa maabara: pitisha picha zenu kwenye programu kabla ya kuwasilisha, na mtu ambaye hakutengeneza kielelezo afungue faili ghafi la kila paneli. Siku moja inatosha.

Mwanafunzi ndiye ninayemhurumia zaidi, kwa sababu makala mbaya humla miaka. Wewe fanya yote matatu kwa makala ile moja au mbili ambazo tasnifu yako inazisimamia, hata ikichukua wiki. Kisha ujue kwamba picha safi bado si matokeo ya kweli. Ule mradi wa majaribio ya saratani ulipanga kurudia majaribio 193, na hakuna hata moja lililokuwa limeelezwa vya kutosha kwenye makala kuweza kurudiwa bila kuwauliza waandishi. Ulifanikiwa kurudia 50, kutoka makala 23, na ripoti yake ya Desemba 2021 ilionyesha kwamba kwa wastani wa kati ukubwa wa matokeo ulikuwa pungufu kwa asilimia 85 kuliko ulioandikwa mwanzo. Huko shida haikuwa picha kurudiwa. Kwa hiyo kabla hujaagiza vifaa vya miaka mitatu, chagua jaribio moja la msingi katika makala hiyo, lile ambalo mengine yote yanaliegemea, ulirudie kwa mikono yako mara tatu, na uhifadhi bloti nzima.